Dondoo, jarida, kikosi au klabu? Njia nne za kutumia ushabiki wa hadithi za kisayansi kumwinua mwanafunzi anayesuasua

Yupo mwanafunzi asiyemaliza ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada, lakini ukimuuliza kuhusu chombo cha angani anachokipenda, atakueleza kwa nusu saa kinavyoendeshwa, kinavyoharibika na kwa nini wapinzani wake wanakosea. Walimu wengi wamemwona na wanajua kuna nguvu pale. Kinachowasumbua ni namna ya kuifikisha nguvu hiyo kwenye daftari la hesabu au insha. Njia ziko kadhaa, na hazilingani. Inayomfaa mtoro haimsaidii sana anayeshindwa kugawanya desimali.

Tuanze na shabiki mwenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Shabiki wa hadithi za kisayansi hakai tu akitazama. Hubishana, husahihisha, huandika, huhifadhi majina na tarehe, hutunga mwendelezo wa hadithi iliyoishia njiani. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories, jarida la hadithi za kisayansi, nchini Marekani mwaka 1926, alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, na kufikia 1930 walikuwa tayari wanatoa vijarida vyao. Kuandika, kuhoji na kutetea hoja kwa ushahidi ni kazi zile zile zinazomshinda mwanafunzi wetu darasani.

Kwa hiyo kipimo tunachotumia katika ulinganisho huu ni kimoja: je, kazi inayomshinda mwanafunzi inafanyika ndani ya ushabiki, au ushabiki umebandikwa juu yake kama pambo? Pambo halisaidii, na mara nyingine linadhuru. Mwaka 1998 watafiti Shannon Harp na Richard Mayer walionyesha kwamba wasomaji wa maelezo kuhusu radi waliowekewa taarifa za kusisimua zisizohusu mada walikumbuka mambo makuu kwa uchache kuliko wasiowekewa. Picha ya roboti kwenye kona ya karatasi ya mazoezi iko kundi hilo hilo. Njia nne tunazozilinganisha ni dondoo (kusaka kosa ndani ya kipande cha hadithi), jarida (wanafunzi wanaandika na kujibizana), kikosi (darasa kama chombo cha angani) na klabu ya nje ya ratiba.

| | Dondoo | Jarida | Kikosi | Klabu |
|---|---|---|---|---|
| Muda | dakika 20–25 ndani ya kipindi | kipindi 1 kwa wiki, toleo kila wiki 3 | kipindi 1 kwa wiki, kwa wiki 6 | dakika 45–60 nje ya ratiba |
| Vifaa | ubao na maneno 120–200 | karatasi za A4, stepla, kopi | kadi, saa, jedwali la akiba | chumba na vitu vya kusoma |
| Ukubwa wa kundi | darasa zima | 4–8 | 4–5 kila kikosi | 8–15 |
| Humfaa zaidi | anayeogopa hesabu na sayansi | asiyeandika, msomaji wa polepole | aliyeacha kujaribu | mtoro na mpweke |
| Huharibika pale | inapogeuka kejeli | wanaoweza wanapoandika na wengine kuchora tu | alama zinapoua hamu | inapojaa wanaofaulu tayari |

## Dondoo: kusaka kosa ndani ya hadithi

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote kuanza nayo, na kwa darasa kubwa ndiyo pekee inayowezekana bila kuvuruga ratiba. Chukua kipande cha maneno 120 hadi 200, au video ya dakika mbili au tatu, chenye dai moja linaloweza kupimwa kwa hesabu mnayosoma wiki hiyo. Dai moja, basi. Mkianza kusaka makosa yote ya tukio zima, kipindi kitakwisha kwa porojo.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Dakika tatu za kusoma au kutazama. Dakika mbili kila mmoja anaandika kimya kimya kama jambo hilo linawezekana au haliwezekani, na sababu moja. Dakika kumi na mbili hadi kumi na tano za kukokotoa wawili wawili. Zinazobaki ni za hukumu. Hatua ya kuandika kimya usiiruke: ukiuliza kwa mdomo, wale watatu wanaojibu kila siku watajibu, na yule unayemlenga atakaa akisubiri.

Mfano ulio tayari ni riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1865, ambamo watu wanarushwa kwenda Mwezini kwa mzinga. Mzinga wenyewe una urefu wa futi 900, yaani karibu mita 270, na kasi inayohitajika ni kama mita 11,000 kwa sekunde. Kwa mlinganyo wa v² = 2as (v ni kasi, a mchapuko, s urefu wa njia), mchapuko ni 121,000,000 ÷ 540, karibu mita 224,000 kwa sekunde mraba. Hiyo ni takriban mara 22,800 ya mvutano wa Dunia. Msafiri wa kilo 60 angegandamizwa kana kwamba ana uzito wa tani 1,370 hivi. Wanafunzi hupenda kufikia namba hiyo wenyewe, kwa hiyo usiwatajie mapema.

Kisha geuza swali: mzinga ungepaswa kuwa na urefu gani ili msafiri atoke hai? Tuseme anavumilia mita 30 kwa sekunde mraba, kama mara tatu ya mvutano. Urefu unakuwa 121,000,000 ÷ 60, yaani takriban kilomita 2,000, na safari ndani ya mzinga inachukua dakika sita na kidogo. Hapo sababu ya kutumia roketi badala ya mzinga inaonekana yenyewe: roketi hugawa msukumo huo katika dakika kadhaa za njia ndefu. Mwanafunzi asiyeuweza mlinganyo mpe sehemu ya mwisho tu: kasi ikiongezeka kwa 30 kila sekunde, sekunde ngapi mpaka 11,000? Ni mgawanyo wa kawaida, na jibu lake linahitajika na darasa zima. Jambo hilo ni kubwa kwake kuliko linavyoonekana, maana anayepewa kila mara zoezi la pembeni anajua fika kuwa hakuna anayelisubiri.

Kwa wadogo, au kwa wanaochanganya eneo na ujazo, tumia mdudu mkubwa kama nyumba. Sukuma udongo wa mfinyanzi uwe bapa la unene wa sentimita 1 na pande za sentimita 6 kwa 6, ukate kwa rula: unapata michemraba 36 kamili. Nyunyiza vumbi la chaki isishikane. Mmoja ni mchemraba wa kwanza, minane inajenga wa upande wa 2, na ishirini na saba wa upande wa 3. Kabla hawajahesabu, waandike wa pili ni mkubwa mara ngapi kuliko wa kwanza. Wengi wataandika mara mbili. Halafu wahesabu ujazo (1, 8, 27) na miraba ya chini (1, 4, 9), wagawanye. Kila mraba wa chini unabeba 1, kisha 2, kisha 3. Mdudu aliyekuzwa mara 100 ana uzito mara 1,000,000 juu ya miguu yenye eneo la mkato mara 10,000, hivyo kila kipande cha mguu kinabeba mzigo mara 100. Mguu unavunjika. Aliyeshika michemraba mkononi huwa hahitaji kukariri tena kwamba ujazo unakwenda kwa kipeo cha tatu.

Hatari ya njia hii ni kejeli. Ukigeuza kila kipindi kuwa mahakama ya kuonyesha kwamba hadithi anayoipenda mtoto ni upuuzi, umemnyang'anya kitu na hujampa chochote. Dawa yake mashabiki wanayo tangu zamani: wao hawaishii kwenye "haiwezekani", huuliza "ni nini kingepaswa kuwa kweli ili iwezekane?" Mdudu mkubwa akiishi kwenye sayari yenye mvutano mdogo, miguu ingehimili? Miguu ikiwa minene zaidi, ni minene kiasi gani? Malizia kila dondoo kwa swali la namna hiyo.

Kosa la pili ni kuchagua dai linalohitaji elimu ambayo hata wewe huna uhakika nayo. Mashimo meusi na safari za kurudi wakati uliopita huvutia sana, lakini mjadala wake hauwezi kufungwa kwa hesabu za shule. Chagua dai lenye jibu.

## Jarida: kuandika kwa ajili ya msomaji wa kweli

Kama tatizo ni kuandika au kusoma, njia hii tunaiweka juu ya nyingine zote. Sababu ya upande wa kusoma ni ya kitafiti. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi kisa cha mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo vizuri walikielewa na kukikumbuka kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Kwa maneno mengine, anayekijua kitu kwa undani anaweza kusoma kuhusu kitu hicho maandishi yaliyo juu ya kiwango anachopimwa nacho. Msomaji wa polepole anayejua kila kona ya ulimwengu wa hadithi yake asipewe vitabu vya watoto wadogo. Mpe makala ndefu na ngumu kuhusu ulimwengu huo, umuulize kitu ambacho jibu lake limo humo.

Umbo la jarida liwe rahisi. Karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili za stepla kwenye mkunjo zinatoa kurasa 8 za A5. Ukurasa mmoja unabeba maneno 100 hadi 120 ya mkono. Jalada linakula moja, zinabaki saba: mbili za barua, moja ya uhakiki, moja ya kosa lililosakwa, mbili za hadithi, moja ya ramani au mchoro wenye maelezo. Kurasa zipange mapema kwa namba, kwa sababu karatasi zikikunjwa ukurasa wa 8 hukaa upande mmoja na wa 1, na wa 2 na wa 7. Tengeneza kwanza jarida tupu la mfano, liandike namba, ulifungue uone. Ukiruka hatua hiyo, kopi za kwanza zitatoka kurasa zimevurugika.

Barua ndizo moyo wa jarida. Kila mwanakundi, bila kusamehewa hata mmoja, anaandika barua ya maneno 40 au zaidi inayojibu kitu kilichochapishwa toleo lililopita, au kwa toleo la kwanza, dai lililobandikwa ukutani. Maneno 40 ni sentensi nne au tano, na hata anayechukia kalamu anayaweza akiwa amekasirishwa na dai. Ndiyo maana dai liwe la kubishaniwa: "Roboti anayejitambua asizimwe bila ridhaa yake." Katika toleo linalofuata barua yake inajibiwa na mwenzake kwa maandishi. Huyo ndiye msomaji wa kweli tunayemsema. Wengi wanaosuasua hawajawahi kuandika kitu ambacho mtu alikisoma kwa sababu nyingine zaidi ya kukisahihisha.

Hadithi za mashabiki, yaani zinazotumia wahusika wa hadithi iliyopo, ni msaada mkubwa kwa asiyejua aanzie wapi, kwa kuwa wahusika na mahali vipo tayari. Tatizo ni kwamba wengi husimulia upya walichokitazama, tukio baada ya tukio. Bana nafasi: chumba kimoja, wahusika wawili, tatizo moja, dakika kumi za wakati wa hadithi, maneno 150. Tukio liwe lile ambalo hadithi asili haikulionyesha. Kazi za namna hii zibaki ndani ya shule wala zisiuzwe, kwa sababu wahusika ni mali ya waliowatunga. Mkitaka kusambaza jarida nje, tungeni ulimwengu wenu. Majina kamili na picha za wanafunzi zisiingie kabisa.

Kusahihisha kunataka nidhamu ya mwalimu. Kila toleo chagua aina mbili tu za makosa, tuseme nukta mwishoni mwa sentensi na upatanisho wa ngeli, zisahihishwe hizo na mwandishi mwenyewe kabla ya kuchapa. Mengine yaache. Ukurasa uliojaa wino mwekundu humrudisha mtoto pale pale ulipomtoa. Na jarida lisipewe alama. Ukihitaji alama, zitoe kwenye kazi nyingine inayotumia ustadi huo huo.

Linapokwama, mara nyingi ni kwa sababu moja kati ya mbili. Ya kwanza: wanaoweza wanashika hatamu, wanaosuasua wanabaki kuchora. Kuchora si kosa, ila kila mchoro uende na maelezo ya maneno 40 yaliyoandikwa na mchoraji mwenyewe. Ya pili: tarehe inasogezwa. Toleo lililotangazwa litoke siku yake hata likiwa na kurasa nne. Likisubiri ukamilifu, halitatoka, na kundi litaamini kwamba hata hii ilikuwa kazi ya shule kama nyingine.

## Kikosi: darasa kama chombo cha angani

Hapa wanafunzi wanakuwa wafanyakazi wa chombo kwa wiki sita, kila mmoja na wadhifa: rubani, mhandisi, tabibu, wa mawasiliano, mtunza akiba. Wadhifa ubadilishwe kila wiki mbili, vinginevyo anayeogopa namba atajificha kwenye mawasiliano hadi mwisho.

Kinachoibeba njia hii ni kwamba mahesabu yanatakiwa na wenzake. Mtu mmoja anahitaji kama kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Wafanyakazi watano, safari ya siku 210: 5 × 0.84 × 210 ni kilo 882. Mtunza akiba akikosea nafasi ya desimali akaandika 88.2, hewa itakwisha siku ya 21, na kikosi kizima kitamzunguka kutafuta kosa lilipo. Kutafuta huko ndiko kujifunza kwenyewe, ilimradi umeweka sheria kwamba kosa linatafutwa na wote na jina la aliyekosea halitajwi.

Zoezi la mawasiliano linastahili kipindi chake. Ishara ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Mirihi ikiwa karibu kabisa na Dunia, kama kilomita milioni 55, ujumbe unachukua dakika 3, na ikiwa mbali kabisa, karibu milioni 400, unachukua dakika 22. Gawa darasa: upande mmoja Dunia, mwingine Mirihi. Dunia wana mchoro wa kifaa kilichotengenezwa kwa maumbo matano au sita yenye vipimo. Mirihi wana karatasi tupu na rula. Ujumbe unaandikwa kwenye kadi, usizidi maneno 30, na mjumbe anaushikilia dakika 3 kamili za saa kabla ya kuufikisha. Ukijumlisha kuandika na kusoma, kwenda na kurudi kunakula kama dakika kumi, kwa hiyo kipindi cha dakika 40 kina mizunguko minne tu.

Ujumbe wa kwanza karibu kila mara huwa kama "Choreni mstari karibu na duara." Dakika sita baadaye linarudi swali: duara lipi, upande gani, sentimita ngapi? Mzunguko mmoja umepotea. Ujumbe wa tatu unasomeka hivi: "Duara la nusukipenyo cha sm 3 katikati ya karatasi. Kutoka ukingo wake wa kulia, mstari mlalo wa sm 5." Hakuna mwalimu aliyedai waandike kwa ukamilifu. Ule muda wa kusubiri ndio uliodai.

Sasa alama, maana hapa ndipo vikosi vingi vinapokufa. Kishawishi ni kutoa pointi, vyeo na zawadi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora walikuja kuchora kidogo kuliko wengine pale walipoachwa huru baadaye. Kumlipa mtu kwa anachokipenda kunaweza kumfundisha kwamba kinafanywa kwa malipo tu. Zaidi ya hapo, pointi humwonyesha aliye nyuma kwamba hatawafikia wenzake, naye huacha mapema.

Tunapendekeza hali ya chombo badala ya pointi: hewa, nishati na mawasiliano, vyote vya pamoja, vikiandikwa ukutani. Kazi sahihi huongeza. Kazi iliyokosewa, ikarudiwa na kusahihishwa, iongeze sawasawa na iliyopatiwa mara ya kwanza. Kipengele hicho kimoja hubadilisha mengi kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba kosa ni mwisho wa habari. Usipunguze hewa kwa sababu mtu hajui. Punguza, ukilazimika, kwa sababu ya muda uliopotezwa na wote.

Gharama ya kikosi ni maandalizi yako. Kila kipindi kinahitaji tukio jipya lililofungwa kwenye mada ya wiki, na ukishindwa wiki mbili mfululizo, mchezo unalegea. Usianze kabla hujaandika matukio yote sita.

## Klabu

Klabu inafanya vizuri jambo moja: kumpa mtu sababu ya kuja shuleni na watu wa kukaa nao. Kwa mtoro hiyo ni kubwa. Lakini usitarajie ipandishe alama za somo fulani, kwa sababu haina zoezi lililolengwa. Na kwa kuwa ni ya hiari, watakaokuja kwanza ni wasomaji wazuri. Waalike unaowalenga kwa majina, mmoja mmoja, ukiwapa kazi maalumu: kutunza vitabu, kuendesha mjadala wa wiki. Zuia mapema ile tabia ya kupima nani ni shabiki wa kweli kwa maswali ya majina na tarehe. Aliyetazama sehemu moja tu na aliyetazama zote wakae meza moja.

Kuonyesha filamu nzima darasani hatukuiweka kwenye jedwali. Inakula vipindi vitatu, na mwanafunzi anayesuasua anatoka akiwa alivyoingia.

## Namna ya kuchagua

Kabla ya yote, gawa karatasi yenye maswali matatu: unatazama, unasoma au unacheza nini chenye roboti, anga za juu au dunia ya baadaye? Ni kitu gani unakijua kuliko mwalimu wako? Unaongea na nani kuhusu hicho? Usiulize "unapenda hadithi za kisayansi?" Wengi watajibu hapana huku kila jioni wanacheza mchezo wa vyombo vya angani. Waliotaja chochote wakiwa chini ya theluthi moja ya darasa, kwa maoni yetu baki na dondoo, usilazimishe kikosi. Wasiopenda kabisa hawahitaji kugeuzwa mashabiki. Kusaka kosa kwenye dai la mpira wa miguu hufuata hatua zile zile.

Kisha mtazame mwanafunzi, si darasa. Anayefahamu ukimsimulia lakini hafahamu akisoma, jarida. Anayejua kanuni lakini hajui aitumie lini, dondoo. Mwaka 2013 Candace Walkington alionyesha kwamba wanafunzi waliopewa maswali ya aljebra yaliyofungwa kwenye mambo wanayoyapenda waliyatatua kwa haraka na usahihi zaidi, hasa maswali magumu ya kugeuza maelezo kuwa mlinganyo. Huko ndiko dondoo linakogusa. Aliyeacha kujaribu, anayekupa karatasi tupu na kukutazama, kikosi, kwa sababu wenzake wanahitaji jibu lake kuliko wewe unavyolihitaji. Asiyefika, klabu kwanza, mengine yatafuata akishakuwepo.

Kwa aliyekata tamaa kuna nyongeza ndogo inayochanganyika na njia yoyote. Chris Hulleman na Judith Harackiewicz, mwaka 2009, waliwaomba wanafunzi wa sayansi wa sekondari waandike mara kwa mara jinsi walichojifunza kinavyohusiana na maisha yao. Waliotarajia kushindwa ndio waliopanda, kwa hamu na kwa alama. Cha msingi ni kwamba waliandika wenyewe, hawakuambiwa. Kwa hiyo usimweleze shabiki kwamba fizikia ina maana kwake. Kila baada ya wiki tatu au nne mpe dakika tano aandike ni wapi mada ya wiki hiyo imejitokeza kwenye hadithi anayoifuata.

Kama wewe mwenyewe si shabiki, usijifanye. Wanafunzi hugundua dakika ya kwanza. Kutojua kwako ni faida: muulize akueleze, na umdai ushahidi. "Umejuaje?" ni swali zuri kwa shabiki na kwa mwanasayansi.

Chagua kipimo kimoja kabla hujaanza, uandike hali ilivyo leo: maneno aliyoandika kwa dakika kumi bila kusimama, maswali aliyojaribu (si aliyopata) kati ya kumi, au siku alizofika kati ya ishirini. Pima tena baada ya wiki nne. Usipime furaha, kwa kuwa darasa lenye kelele za furaha linaweza kuwa halijasogea hata hatua moja. Jarida lipe wiki sita, maana toleo la kwanza huwa la kujifunza kukunja karatasi. Namba isipobadilika kabisa, kwanza angalia kama kazi inayomshinda imo ndani ya shughuli au imeachwa nje: mara nyingi utakuta mwanafunzi wa jarida hajaandika, au mtunza akiba anakokotolewa na rafiki yake. Rekebisha hilo, mpe wiki mbili nyingine, na ikibaki vile vile mhamishe njia yeye peke yake. Kundi lililobaki liendelee.